Kona Moja Pana: Kuchagua Uwanja wa Kwanza wa Drifti

Mchezaji anayetaka kujifunza drifti, yaani kupita konani gari likiteleza kiubavu, kwenye gemu za magari hufungua orodha ya viwanja, na mara nyingi mkono wake huenda moja kwa moja kwenye jina analolijua. Huchagua Nordschleife ya Ujerumani, kilomita 20.8 za lami ndani ya misitu ya Eifel. Au hupakua barabara ya mlima Haruna, mkoani Gunma, Japani, ambayo mchoraji Shuichi Shigeno aliigeuza kuwa Akina katika hadithi yake ya picha ya Initial D, iliyoanza kutoka mwaka 1995. Zote mbili ni barabara za kupendeza mno. Kwa anayeanza, zote mbili ni shule mbaya.

Tatizo la kwanza ni la hesabu tu. Kwenye Nordschleife gari la kawaida huhitaji dakika nane, tisa, hata zaidi kumaliza mzunguko mmoja. Aliyekosea kona leo ataiona tena baada ya makumi ya kona nyingine zisizofanana nayo, na wakati huo mikono yake imeshasahau ilifanya nini. Haruna ina lake: hadithi imeipa umaarufu kwa mteremko, na mteremko husogeza uzito wa gari mbele. Matairi ya nyuma yanabaki mepesi, mkia unachomoka upesi, lakini kuurudisha ni kazi ya bingwa.

Kuna kipimo kinachofaa zaidi kuliko umaarufu, nacho ni nusukipenyo cha kona, yaani umbali kutoka katikati ya duara la kona hadi kwenye lami. Wajapani wanakichukulia kwa uzito kiasi cha kuzipa baadhi ya kona zao majina yake. Kona mashuhuri ya 130R pale Suzuka ilipata jina kutokana na nusukipenyo cha mita 130 ilichokuwa nacho kabla ya kuchongwa upya mwaka 2003. Fuji kuna 100R. Anayeanza drifti angefaidika kuisoma ramani ya uwanja kwa jicho hilohilo.

Sababu inaanzia kwenye mpira wa tairi. Tairi linalokata kona haliendi hasa kule linakoelekezwa. Sehemu inayogusa lami hujikunja, na kati ya uelekeo wa tairi na njia linayopita hubaki pembe ndogo. Pembe ikikua, mshiko wa ubavuni hukua nao, mpaka tairi la kawaida kwenye lami kavu lifike karibu nyuzi 8 au 10. Kuanzia hapo mshiko hauongezeki tena, bali hushuka taratibu. Mhandisi Hans Pacejka wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, akishirikiana na wenzake wa Volvo, aliuweka mchoro huo kwenye fomula iliyochapishwa mwaka 1987, na wenye fani wakaipachika jina la Fomula ya Ajabu. Mpaka leo fomula hiyo na jamaa zake ndizo zinazoyapa uhai matairi ya gemu nyingi za kuigiza uendeshaji halisi.

Dereva wa kawaida wa mbio huishi karibu na kilele cha mchoro huo. Wa drifti huyavusha makusudi matairi ya nyuma ng'ambo ya kilele, gari likaenda kiubavu kwa nyuzi 30 au zaidi, huku matairi ya mbele yakiwa bado na mshiko na yakiangalia kule gari linakokwenda. Usukani unakuwa umekatwa kinyume na kona. Kunimitsu Takahashi, aliyekuwa Mjapani wa kwanza kushinda mbio za pikipiki za Grand Prix mwaka 1961, alijulikana kwa kuingia konani namna hiyo alipohamia kwenye magari. Keiichi Tsuchiya akaupokea mtindo huo, akaupeleka milimani na gari lake la Toyota AE86, na video yake ya mwaka 1987, Pluspy, ikausambaza kwa vijana.

Ugumu ni kwamba gari lililoko kwenye drifti halijitulizi lenyewe. Likiachwa bila kurekebishwa litafanya moja kati ya mawili: kunyooka ghafla kuelekea nje, au kujizungusha mpaka liangalie lilikotoka. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakiongozwa na Chris Gerdes, walilikabili jambo hili kwa miaka na gari la DeLorean la mwaka 1981 walilolibadilisha kuwa la umeme na kulipa jina la MARTY. Mwaka 2015 lilionyeshwa likidrifti lenyewe, bila dereva kushika usukani, na lilianza kwa kuzunguka kwenye duara. Ilipofika mwaka 2019 ndipo walipotoa video yake likipita njia ya vikwazo yenye urefu wa karibu kilomita moja, likibadili ubavu kulia na kushoto. Watu hao walikuwa na kompyuta inayosahihisha usukani mara nyingi ndani ya sekunde moja, na bado darasa la kwanza la mashine lilikuwa duara. Mwanadamu mwenye pedi ya gemu mkononi hana sababu ya kuruka darasa hilo.

Duara la ukubwa gani, basi? Hapa hesabu inasaidia kweli. Tuseme mshiko wa matairi ubavuni unalingana na uzito wa gari. Kwenye duara la nusukipenyo cha mita 15, mwendo wa juu kabisa ni karibu kilomita 44 kwa saa, na mzunguko mzima huisha kwa sekunde 8 hivi. Kwenye mita 30, mwendo ni kilomita 62 kwa saa na mzunguko ni sekunde 11. Kwenye mita 100, mwendo hupanda hadi karibu 113, lakini mzunguko huchukua sekunde 20. Kona ikiwa kubwa, gari linakimbia zaidi ila linageuka polepole zaidi. Ni kama kusimamisha fimbo kwenye kiganja: mpini mrefu wa ufagio huanguka taratibu na mkono unauwahi, ilhali penseli huanguka kabla mtu hajajua imeelekea wapi. Kanuni ya fimbo na ya kona zinafanana hata kimahesabu, maana katika zote mbili muda hukua kwa kipeuo cha pili cha urefu.

Jicho la mtu huhitaji karibu sehemu mbili za kumi za sekunde kuona jambo na kuanza kuitikia. Katika muda huo, gari kwenye duara la mita 15 limeshageuka nyuzi 9. Kwenye duara la mita 100 limegeuka chini ya nyuzi 4. Tofauti hiyo ndiyo inayomfanya mwanafunzi aseme gari hili linatii na lile halitii, hali gari ni lile lile.

Ingeonekana basi kwamba kona kubwa kuliko zote ndiyo bora. Injini ndiyo inayokataa. Matairi yanayoburuzwa kiubavu hula nguvu nyingi, na mahitaji ya nguvu hupanda na mwendo. AE86 ya Tsuchiya ilitoka kiwandani na injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 130 hivi. Kwenye kona ya mita 100 iliyokauka, gari la namna hiyo hupungukiwa, matairi ya nyuma yakashika tena, na drifti ikafa katikati. Wakazi wa Dar es Salaam wanaweza kulipima hili kwa gari wanalolijua: Toyota Mark II ya GX100, lita mbili, matairi ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Ndugu yake JZX100 ana bodi hiyohiyo, lakini chini ya boneti anaweza kuwa na 1JZ-GTE ya lita 2.5 yenye turbo, na kwa Wajapani wa drifti ni kipenzi. Sura moja, kona mbili tofauti. Anayechagua gari dogo kwenye gemu aanze na nusukipenyo cha mita 20 hadi 30, na mwenye farasi 300 anaweza kwenda 40 au 50.

Lipo jambo jingine ambalo gemu inamnyang'anya mwanafunzi, nalo halizungumzwi vya kutosha. Ndani ya sikio kuna mirija midogo mitatu yenye majimaji, inayohisi kichwa kinapoanza kuzunguka. Kwenye gari halisi mirija hiyo, pamoja na kiti kinachosukuma nyonga, humwambia dereva kuwa mkia umeanza kutoka kabla macho hayajathibitisha. Sebuleni mirija husema mtu ametulia. Habari zote lazima zipitie machoni, masikioni kwa mlio wa matairi, na mikononi ikiwa kuna usukani unaorudisha nguvu. Usukani kama huo una thamani kubwa: gari likianza kuteleza, matairi ya mbele hutaka yenyewe kufuata njia ya gari, na usukani huzunguka kinyume bila kuombwa. Madereva wazoefu huuacha upite mikononi kisha wanaudaka. Mwenye pedi hana msaada huo, na kijiti chake husogea kiasi kidogo sana ukilinganisha na nyuzi 900 za usukani wa Logitech G29.

Ndiyo maana uwanja wa kwanza unapaswa kuwa na vitu vya kutazama. Koni katikati ya duara, ukingo wa rangi, jengo la mbali: vyote hulipa jicho alama ya kupimia pembe. Uwanda mtupu wa lami unaonekana salama, lakini macho hayapati pa kushika. Upana nao usipuuzwe. Lami ya ziada upande wa nje humpa mtu nafasi ya kukosea, kuzunguka na kuanza tena bila kupiga ukuta wala kunasa kwenye nyasi.

Kwa vipimo hivyo, Assetto Corsa ya kampuni ya Kiitalia ya Kunos Simulazioni, iliyokamilika Desemba 2014, inampa mchezaji pa kuanzia bila kupakua chochote cha ziada. Ina uwanja mdogo uitwao Drift, na gari la BMW M3 E30 lililotayarishwa kwa kazi hiyo hiyo. Mwenye Gran Turismo 7 ana Tsukuba, uwanja halisi wa Shimotsuma, mkoani Ibaraki, uliofunguliwa mwaka 1970. Urefu wake ni mita 2,045 tu, kwa hiyo kona iliyokosewa hurudi baada ya dakika moja na kidogo.

Tsukuba haihitaji kudriftiwa yote. Inatosha kuchukua kona kali ya pili, ile ya kulia kabla ya mnyoosho wa nyuma, na kwingine kote kuendesha kawaida. Dereva anafika akiwa amekanyaga breki, uzito umeinamia mbele, gia ya pili. Anakata kulia na kuvuta hendibreki kwa kitambo kifupi. Matairi ya nyuma yaliyofungwa hupoteza mshiko wa ubavuni na mkia unatoka. Anaachia hendibreki, anakanyaga mafuta, na papo hapo usukani unaanza kukimbilia kushoto. Kosa la wengi hutokea hapa: wanaudaka mapema, au wanaachia mafuta yote kwa hofu. Mafuta yakiachiwa ghafla, matairi ya nyuma hushika kwa mara moja na gari linarushwa upande wa pili. Mguu unatakiwa upunguze kidogo tu, kama nyuzi zinazidi, na kuongeza kidogo pembe ikipungua. Kona ya mwisho ya Tsukuba, inayoanza na mita 100 na kubana hadi 90, isubiri gari lenye nguvu na mikono iliyokomaa.

Mafunzo ya gari halisi yanafuata njia hiyohiyo. Ebisu, milimani pale Nihonmatsu mkoani Fukushima, ni mkusanyiko wa viwanja kadhaa vya Nobushige Kumakubo, bingwa wa zamani wa mashindano ya drifti ya D1. Wapo wanaotoka mabara ya mbali kwenda kufundishwa huko. Uwanja wa Minami, ambako magari yaliruka mwinuko yakiwa tayari yako kiubavu karibu na ukuta, ndio unaoonekana kwenye video. Mgeni hakuanzia huko. Kwa ajili yake kuna Kuru Kuru Land, eneo la wazi la kuzungushia gari.

Suala linalobaki ni lini mtu aondoke kwenye duara. Mwaka 1979 watafiti John Shea na Robyn Morgan waliwapa watu kazi tatu za kuangusha vibao kwa mpangilio maalumu. Waliorudia kazi moja mpaka iishe, kisha nyingine, walikwenda haraka zaidi wakati wa mazoezi. Walipopimwa baadaye, waliochanganya kazi hizo tangu mwanzo ndio waliokumbuka vizuri. Mark Guadagnoli na Timothy Lee wakaongeza mwaka 2004 kwamba ugumu unaofaa hutegemea kiwango cha mtu: mchanga kabisa akichanganyiwa mapema huzidiwa, na aliyepata msingi asipochanganyiwa hudumaa.

Kwa drifti maana yake ni kuzunguka duara mpaka gari likae kwenye pembe moja kwa mzunguko mzima, kulia na kushoto, kisha kuhama bila kusubiri ukamilifu. Upande wa pili usiachwe. Wengi hugundua kwamba mkono mmoja umejifunza na mwingine haujui lolote. Hatua inayofuata ni namba nane kati ya koni mbili, ambako gari linatakiwa litoke ubavu mmoja na kuingia mwingine huku uzito ukivuka katikati. Gemu ikiruhusu mvua, hapo ndipo pa kuitumia. Mshiko ukipungua nusu, duara la mita 30 hupitika kwa kilomita 44 kwa saa badala ya 62, na mzunguko unakaribia sekunde 16. Hata injini ndogo hutosha kwenye lami iliyolowa, na mikono hupata muda wa kuvuka kutoka duara la kwanza hadi la pili.