Ukwaju: Rojo la Kachumbari na Suala la Jina

Mfasiri anayetafuta jina la rojo tamu na chachu linalomiminwa juu ya saladi huelekea kubuni fungu refu la maneno, mathalani "kiungo cha kumiminia saladi". Au, akilifuata neno la Kiingereza bila kutafakari, akaivisha saladi mavazi. Makala haya yanashikilia kuwa jina hilo limo jikoni tayari. Mlaji wa viazi karai mjini Mombasa huagiza ukwaju, na anacholetewa si tunda bali rojo. Matumizi hayo yanalifaa vilevile jiko la Kaloleni, Kisumu, ambako ngege wa kukaanga na kachumbari huandamana. Tunda lenyewe si geni kandokando ya ziwa. Waluo huuita mti wake chwaa.

Kimofolojia, mkwaju ni mti na ukwaju ni tunda, na kamusi aghalabu hukomea hapo. Hata hivyo, upanuzi wa maana si jambo la ajabu katika shina hili: mkwaju umekwisha kuwa fimbo, na watangazaji wa kandanda wakaufanya pigo la penalti!

Matayarisho yake ni mepesi. Vijiko 2 vya nyama ya ukwaju hulowekwa katika kikombe 1 cha maji moto kwa dakika 15, kisha hufikichwa na kuchujwa ili kokwa na nyuzi zibaki. Maji hayo huchemshwa pamoja na vijiko 2 vya sukari guru, ambayo eneo la miwa la Nyanza halina uhaba wayo, chumvi, pilipili na bizari nyembamba iliyosagwa, hadi yawe mazito. Sukari haiiondoi asidi ya tartari iliyomo. Huufunika tu ukali wake ulimini, na ndipo tamu na chachu zikasikika kwa pamoja. Kwa samaki, asidi hiyo ina kazi ya ziada: hushikamana na kemikali zinazotoa shombo, zisiweze kupaa hadi puani.

Kachumbari haina budi kumiminiwa rojo wakati wa kuandaliwa mezani, kwani chumvi huvuta maji ya nyanya na vitunguu, vikalegea. Samaki wa makaa naye hupakwa dakika za mwisho, la sivyo sukari huungua ikawa chungu.

Panapohitajika kutofautisha tunda na kitoweo, "rojo la ukwaju" latosha.