Ujenzi wa Programu Huria ya Kupanga Maandishi: Nafasi ya Mwanaisimu wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Msomaji wa vitabu vya Kiswahili hukutana mara kwa mara na neno lililokatwa vibaya mwishoni mwa mstari: nyum-ba badala ya nyu-mba, au kitan-da badala ya kita-nda. Kosa hili huonekana dogo, lakini huzua swali kubwa. Mara nyingi mpigachapa hakulikusudia. Alilipokea pamoja na programu iliyofuata kanuni za lugha nyingine. Ni nani, basi, mwenye haki na uwezo wa kuzibadili kanuni hizo? Iwapo programu imefungwa, jibu ni kampuni inayoimiliki. Iwapo ni programu huria, jibu ni yeyote awezaye kuupata msimbo wake chanzo, kuusoma, kuurekebisha na kuujenga upya.

Ni vyema kutofautisha tangu mwanzo baina ya bure na huria. Programu inaweza kutolewa bila malipo huku msimbo wake ukifichwa. Hiyo ni ya bure, lakini si huria. Uhuria ni haki ya kujua jinsi chombo kinavyofanya kazi na kukirekebisha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa kuwa msimbo wa OpenOffice ulikuwa wazi. Mhadhara huu unachukua mfano mwingine, yaani TeX, na kueleza namna inavyopatikana, inavyojengwa, na mahali ambapo mtaalamu wa lugha anahitajika.

2.0 Asili ya TeX

Mwaka 1977 Donald Knuth, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alipokea kurasa za majaribio za toleo la pili la juzuu ya pili ya kitabu chake The Art of Computer Programming. Hakuridhika na sura ya kurasa hizo, akaamua kuunda programu yake mwenyewe ya kupanga maandishi. Toleo la kwanza la TeX lilitoka mwaka 1978. Mwaka 1982 aliiandika upya. Na mwaka 1990 lilitoka toleo la 3.0, ambalo liliweza kushughulikia kanuni za lugha zaidi ya moja katika hati moja.

Katika TeX, mwandishi huandika matini ya kawaida yenye amri chache ndani yake, kisha programu huyageuza maandishi hayo kuwa kurasa. Faida yake kwa watafiti ni dhahiri: hati iliyohifadhiwa hivyo inaweza kusomwa kwa programu yoyote ya maandishi, hata baada ya programu iliyoipanga kutoweka.

Knuth aliandika msimbo wake kwa mtindo aliouita WEB, ambamo maelezo kwa binadamu na maagizo kwa mashine husukwa pamoja. Programu ndogo iitwayo Tangle huchambua maagizo ya mashine. Nyingine, Weave, hutoa kitabu cha kusomwa. Kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1986. Hivyo msimbo wa TeX ni matini kamili, yenye sura, maelezo na faharasa.

3.0 Kupata na Kujenga

Mkusanyo unaotumika sana leo ni TeX Live, ulioanza mwaka 1996 na ambao hutolewa upya kila mwaka. Msimbo wake chanzo hupatikana katika hazina ya CTAN, yenye nakala katika nchi nyingi. Anayeuchukua hana budi kuhakikisha kwamba faili limefika salama. Hufanya hivyo kwa kulinganisha alama ya uhakiki, yaani mfuatano wa tarakimu na herufi unaokokotolewa kutokana na faili lenyewe: pakibadilika hata herufi moja, alama nayo hubadilika. Aidha, azingatie kwamba furushi la msimbo lina programu tu. Fonti na maelfu ya mafaili saidizi huchukuliwa peke yake, na asiyejua hilo hujikuta amejenga mashine isiyo na malighafi.

Hatua za ujenzi ni chache. Furushi hufunguliwa, kisha amri ya configure huchunguza kompyuta husika na kubaini vifaa ilivyo navyo, hususan kompaila za lugha za C na C++. Amri ya make hujenga programu, make check huzijaribu, na make install huziweka mahali pake.

Ndani ya hatua hizo mna mambo mawili yanayostahili kuzingatiwa. La kwanza ni fumbo la kuku na yai: Tangle nayo imeandikwa kwa WEB, hivyo inahitajika Tangle ili kujenga Tangle. Fumbo hufumbuliwa kwa kuweka ndani ya furushi nakala iliyokwisha kuchambuliwa, ambayo huanzisha mzunguko mzima.

La pili linamhusu moja kwa moja mhakiki wa matini. Knuth hakuruhusu faili la tex.web libadilishwe na yeyote isipokuwa yeye. Anayetaka kulirekebisha ili lifae kompyuta fulani huandika mabadiliko yake katika faili la pekee, na mafaili hayo mawili huunganishwa wakati wa ujenzi tu. Huo ndio utaratibu wa mhariri mwangalifu wa muswada wa utenzi: nakala ya asili haiguswi, na masahihisho yote huorodheshwa pembeni ili msomaji aone nani amebadili nini. Kisha programu hupitishwa katika jaribio gumu liitwalo trip. Isipofaulu, haina haki ya kuitwa TeX.

4.0 Ruwaza za Kukata Maneno

Njia ya TeX ya kukata maneno ilibuniwa na Frank Liang, aliyeikamilisha katika tasnifu yake ya mwaka 1983. Badala ya kuorodhesha maneno yote, hutumia ruwaza, yaani vipande vya herufi vyenye tarakimu kati yake. Tarakimu witiri huruhusu kukata. Tarakimu shufwa hukataza. Na zikigongana, kubwa hushinda. Kiingereza kilihitaji ruwaza 4,447. Kiswahili, chenye silabi nyingi zinazoishia kwa irabu, kinaweza kuanza na tano tu: a1, e1, i1, o1, u1. Hizo zinatosha kutoa nyu-mba, ki-ta-nda na shu-le.

Ugumu huanza katika maneno ya mkopo. Kwa ruwaza hizo tano, maktaba litakatwa ma-ktaba. Ikiongezwa ruwaza 2k1t, tarakimu 2 huzuia mkato kabla ya k, na 1 huuruhusu baada yake, hivyo hupatikana mak-ta-ba na, bila kazi ya ziada, dak-ta-ri. Vivyo hivyo, 2s1t hutoa bus-ta-ni. Lakini ruwaza hiyo hiyo huliharibu neno mstari na kulifanya ms-tari. Dawa yake ni m2s2t. Hakuna kompyuta iwezayo kugundua tofauti hiyo bila kuelezwa na anayejua silabi za Kiswahili.

Kuna mambo mengine mawili. TeX ikifuata desturi ya Kiingereza, haihamishii mstari unaofuata kipande chenye herufi pungufu ya 3. Kwa hiyo mtoto halikatwi kamwe, maana -to ina herufi 2. Kiwango hicho lazima kishushwe. Kadhalika, kwa kawaida ritifaa haihesabiwi kuwa herufi: katika kung'ang'ania programu huona kung tu, na salio lote haliwezi kukatwa. Mstari mmoja wa maagizo hutosha kusahihisha hilo.

Hapa ndipo umuhimu wa ujenzi unapodhihirika. Katika TeX asilia, ruwaza hupokelewa wakati wa kujenga faili la fomati, wala si wakati wa kuandika hati. Asiyeweza kujenga hulazimika kutumia ruwaza alizochaguliwa na wengine. LuaTeX, iliyotokana na TeX, imelegeza sharti hilo. Hata hivyo, ruwaza zenyewe bado lazima zitungwe na mtu.

5.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba kujenga programu kutoka katika msimbo chanzo si kazi ya mafundi peke yao. Fundi anaweza kuendesha amri zote bila kosa na bado akatoa kitabu chenye nyum-ba kila ukurasa. Kinachokosekana ni faili fupi la matini linaloeleza silabi za Kiswahili, likiambatana na orodha ya maneno ya kulijaribia. Kazi hiyo iko ndani ya uwezo wa darasa moja la fonolojia, na migogoro yake, kama vile mpaka wa silabi katika ustaarabu au tafsiri, ni migogoro ya wanaisimu. Idara za Kiswahili zikiiacha, haitabaki bila kufanywa: itafanywa na wasioijua lugha, na matokeo yake yatasomwa katika kila kitabu kitakachochapwa.