Bonde la Semliki na Mizani ya Mafuta

Chini ya milima ya Butembo na Vuhovi, ambayo ni miamba ya kale sana iliyopata joto kali na kukandamizwa ardhini, hayatarajiwi mafuta. Lakini mashariki yake, mto Semliki unapotoka ziwa Edward kuelekea ziwa Albert, ardhi ilididimia kwa mamilioni ya miaka na kujazwa mchanga na udongo wa mfinyanzi, na mahali pa namna hiyo huitwa bonde la mashapo.

Wanajiolojia wanaolipima bonde hilo hutafuta mambo manne: mwamba chanzo, yaani tope lenye mabaki ya viumbe lililoiva kwa joto la kina, mwamba hifadhi, ambao ni mchanga wenye vitundu vya kubeba mafuta, mwamba kifuniko usiopenyeka, na mtego unaoyazuia yasipande juu. Likikosekana moja, hayo mengine hayafai kitu.

Upande wa Uganda ulitoa ushahidi kwamba mafuta yapo: kisima cha kwanza kilichimbwa Butiaba mwaka 1938, ila mafuta ya kutosha biashara yalithibitishwa mwaka 2006, nayo yana nta nyingi kiasi kwamba huganda yasipopashwa moto.

Upande wa Kongo, mwaka 2014 ziwa Edward lilipimwa kwa mawimbi ya mtetemo, ambayo huchora umbo la miamba tu bila kuonyesha mafuta yenyewe. Sehemu ya ziwa hilo iliyo Kongo imo katika Hifadhi ya Virunga, urithi wa dunia tangu 1979. Kwa hiyo uwezekano wa mafuta si akiba iliyothibitishwa, na akiba si ruhusa ya kuchimba.