Ugonjwa wa Kuku Usio na Dawa: Yampasayo Mfugaji

Katika nyumba nyingi za mashambani Kenya, kuku ni akiba iliyo karibu na mkono. Mgeni akifika, jogoo huchinjwa. Mtoto akihitaji daftari na kalamu, mtetea hupelekwa sokoni. Na mara nyingi mali hiyo ni ya mama wa nyumba, hata pale ambapo ng'ombe na shamba huhesabiwa kuwa vya mumewe. Kwa hiyo ugonjwa uingiapo bandani na kuwamaliza kuku wote kwa muda wa juma moja, kilichopotea si kitoweo tu, bali ni fedha ya nyumba nzima.

Ugonjwa ufanyao hivyo mara nyingi ni kideri, ambao katika Tanzania wengi huuita mdondo. Wataalamu huuita kwa jina la mji wa Newcastle, Uingereza, ambako ulionekana mwaka 1926, mwaka ule ule ulipozuka katika kisiwa cha Java. Katika Kenya ulitambuliwa mwaka 1935. Huletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na mpaka leo hapana dawa iwezayo kuuponya.

Kuku aliyeshikwa huzubaa, hushusha mbawa, huacha kula, huhema kinywa kikiwa wazi, na huharisha kinyesi cha rangi ya kijani. Wengine hupinda shingo au kupooza miguu, na wengine hufa ghafula kabla ya dalili yo yote kuonekana. Lakini dalili hizo hazitoshi kuwa ushahidi. Homa ya matumbo ya kuku na kipindupindu cha kuku huua upesi pia, na mafua ya ndege hufanana sana na kideri. Tena kifaranga aharishaye damu huenda ana ugonjwa mwingine kabisa, ulio na dawa. Basi mfugaji hushuku tu. Athibitishaye ni daktari wa mifugo, kwa msaada wa maabara. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, yamtaka mwenye kushuku ugonjwa wa namna hii atoe habari bila kukawia.

Hapo ndipo penye jaribu. Kuku watatu wamekufa usiku, kumi wangali wamesimama, na kesho ni siku ya soko. Mwenye mali huwaza kuwauza kumi hao kabla hawajafa, apate japo nusu ya bei. Hesabu hiyo huonekana kuwa ya busara, kumbe ndiyo njia kuu ambayo kideri husafiria. Kuku aonekanaye mzima huenda amekwisha kuambukizwa, kwa maana dalili huchukua siku mbili hata kumi na tano kujitokeza, na kwa kawaida siku tano au sita. Sokoni huchanganywa katika tenga moja na kuku wa vijiji vingine, na jioni wasionunuliwa hurudishwa makwao pamoja na ugonjwa. Zawadi ya kuku kwa jamaa katika siku hizo huwa msiba uliofungwa miguu kwa kamba. Aliyeuza hupata shilingi chache leo, na baada ya miezi michache ugonjwa ule ule humrudia kutoka kwa jirani.

Njia iliyo bora ni kukubali hasara mapema ili isienee. Wagonjwa watengwe mara moja, na wote wafungiwe, asitoke hata mmoja wala asiingie mgeni. Wazima wahudumiwe kwanza, wagonjwa baadaye, na vyombo vya maji visichanganywe. Mizoga izikwe katika shimo refu au ichomwe moto. Isitupwe kichakani wala kupewa mbwa, na manyoya na matumbo yasisambazwe uani. Anayewashika kuku na anawe mikono kwa sabuni wala asijiguse macho, kwa kuwa virusi hivyo huweza kumletea mtu ugonjwa wa macho, ingawa si mkali.

Wengi hutia shubiri au pilipili katika maji ya kuku, na wengine hununua dawa za kuua bakteria. Dawa hizo za dukani haziui virusi, na majani hayo yasitumainiwe badala ya kutenga na kuchanja. Kifo cha wa mwisho kikipita, banda lifagiliwe, takataka zichomwe, vyombo vioshwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Yafaa kungoja mwezi mzima kabla ya kuleta kuku wapya.

Ugonjwa huu hauna dawa, lakini una kinga. Chanjo haimponyi aliyekwisha kuugua. Hupewa kuku wazima, kwa tone moja katika jicho, nayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa katika baridi tangu dukani hata bandani. Iko nyingine iitwayo I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini, ambayo huvumilia joto kuliko zile za zamani.

Kikwazo kikubwa ni kwamba chupa moja hutosha makumi au mamia ya kuku, na ikiisha kuchanganywa haiwekwi mpaka siku nyingine. Mwenye kuku kumi huona ni hasara kununua chupa nzima, akaacha. Lakini nyumba kumi zikichanga fedha, zikachagua siku moja na kuwafungia kuku wao asubuhi, kila mmoja hulipa kidogo, na kijiji kizima hukingwa kwa pamoja. Habari za vifo zikisikika ng'ambo ya mto, mkutano huo usingoje. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.