MACHO YA MBWA: DALILI ZISIZOFAA KUPUUZWA

Katika Kakamega mbwa ni mlinzi wa boma na mwenzi wa watoto wachungao ng'ombe. Hupita katika mashamba ya miwa ya Mumias na kando ya Msitu wa Kakamega, na humo macho yake huweza kuumia kwa urahisi. Watu wengi huona machozi ya mbwa kuwa jambo dogo, wakangoja yapoe yenyewe. Lakini donda la jicho laweza kumpofusha mbwa kwa siku chache tu. Tena mara nyingine jicho hutangaza maradhi yaliyo katika mwili mzima.

Jicho la mbwa mwenye afya hung'aa, wala halina wekundu wala usaha. Basi likibadilika, jambo la kwanza ni kutazama kama ni jicho moja au yote mawili.

Likiwa moja, mara nyingi ni jeraha: jani kali la muwa, mwiba, au mchanga. Mbwa hulifumba, hulikuna kwa mguu, na machozi humtoka.

Yakiwa mawili, yafaa kushuku ugonjwa. Tongotongo zito pamoja na makamasi, kikohozi na homa huenda zikawa dalili za distempa, nayo huua watoto wa mbwa wasiochanjwa. Macho yakiingia ukungu mweupe kama maziwa, na mbwa akawa na homa na kukonda, huenda ni nagana. Ugonjwa huu huletwa na mbung'o, ambao wamejulikana tangu zamani katika sehemu za Busia, jirani ya Kakamega. Hapo kutia dawa machoni hakutoshi, kwa maana vijidudu vimo katika damu. Mbwa asipotibiwa huweza kufa katika muda wa majuma machache.

Msaada wa kwanza ni huu. Chemsha maji, tia kijiko kidogo cha chumvi katika nusu lita, uyaache yapoe, kisha uoshe jicho taratibu kwa kitambaa safi. Mwiba uliochoma jicho usiung'oe. Mbwa akitemewa sumu na nyoka swila, usingoje maji ya kuchemshwa: mmiminie mara moja maji mengi safi kwa muda wa dakika 15 au zaidi. Kisha mpeleke kwa daktari wa wanyama siku ile ile.

Usitie majivu, utomvu wa majani wala mafuta ya taa. Usitumie pia dawa ya macho ya binadamu pasipo shauri la daktari, kwa sababu nyingine zina steroidi, na hizo huzidisha donda la jicho.

Tahadhari moja ipite zote. Mbwa aliyebadilika tabia ghafula, atokwaye na udenda, au ashindwaye kumeza, asishikwe hata kidogo, ijapokuwa macho yake yanaonekana kuuma. Huenda ana kichaa cha mbwa. Afisa wa mifugo na aarifiwe upesi. Mtu aliyeumwa naye aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, aende hospitali siku hiyo hiyo, kwani ugonjwa huo ukiisha kuonyesha dalili kwa mtu, karibu daima huua. Chanjo ya mbwa kila mwaka humkinga yeye na watu wa nyumba yake.