Usitafute dinosaria Kigali

Ukipanda Rebero, au ukiuzunguka Mlima Kigali kwa upande wa Nyamirambo, utakutana na jiwe jeupe lenye punje zinazometa kama sukari. Mafundi wa kujenga wanalijua kwa ugumu wake. Ndilo linaloshikilia vilele vya vilima vingi vya mji huu: mvua imekula miamba laini iliyolizunguka ikachimba mabonde, lenyewe likagoma. Ndiyo maana pikipiki ya abiria inalia kwa gia ya kwanza kutoka Nyabugogo hadi mjini kati.

Jiwe hilo lilikuwa mchanga. Lilitulia chini ya maji, tabaka juu ya tabaka, zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, likafukiwa, likapikwa na joto la ardhi na kukandamizwa mpaka likawa mwamba. Baadaye, na bado ni karibu miaka bilioni moja kabla yetu, graniti iliyoyeyuka ilipenya katikati ya matabaka hayo ikaacha mishipa ya bati, wolframu na koltani. Bati linalochimbwa Rutongo, kaskazini mwa jiji, ni la hesabu hiyo. Na wakati mchanga ule unatulia, duniani hapakuwa na mnyama hata mmoja. Hapakuwa na samaki, konokono wala mdudu, na nchi kavu haikuwa na jani. Uhai karibu wote ulikuwa majini, viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho na mwani.

Watoto wa shule wakifundishwa habari za kale za dunia, swali lao la kwanza huwa lile lile: mifupa ya dinosaria iko wapi hapa kwetu? Jibu la haki ni kwamba haipo, na katika miamba hii haitapatikana. Dinosaria wa kwanza walitokea miaka kama milioni 230 iliyopita, wa mwisho wakatoweka miaka milioni 66 iliyopita, ukiwaacha ndege ambao ni uzao wao. Kufikia hapo jiwe la Rebero lilikuwa limeshazeeka mara kadhaa. Huenda walitembea juu yake, lakini kuzikwa ndani yake haikuwezekana. Mfupa haudumu mpaka ufukiwe upesi na tope au mchanga, na nchi ya vilima kama hii kazi yake ni kumomonyoka, si kufukia.

Anayetaka dinosaria wa Afrika Mashariki aende Lindi, Tanzania, au, kwa masikitiko, Berlin. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani ulioanza chini ya Werner Janensch ulichimba kilima cha Tendaguru, na mamia ya vibarua na wapagazi wakabeba mifupa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Dinosaria mmoja wa huko, mwenye shingo ndefu, aliyeishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin kwa kimo cha zaidi ya mita 13.

Makumbusho hayo hayo yana uhusiano na Kigali. Richard Kandt, daktari Mjerumani aliyefika Rwanda akitafuta chanzo cha Nile, alikuwa akituma huko wanyama aliowakusanya. Kima wa dhahabu wa milima ya Virunga anabeba jina la Kandt katika sayansi tangu 1905. Miaka miwili baadaye Kandt alianzisha Kigali kuwa makao yake ya utawala, na nyumba yake ya Nyarugenge ikaja kufanywa Makumbusho ya Historia Asilia. Tangu 2017 nyumba hiyo inasimulia zaidi enzi ya Wajerumani na kuzaliwa kwa mji. Sioni ubaya wa kusimulia ukoloni, tena kwa undani. Ila mji mkuu wenye vilima vya miaka bilioni moja unastahili pia chumba kimoja kikubwa cha kueleza vilima hivyo vilitoka wapi. Kwa sasa, mwanafunzi wa Kigali anayetaka makumbusho ya mazingira hupanda basi mpaka Karongi.

Hata hivyo ukosefu wa mifupa si ukosefu wa ushahidi. Kinachotakiwa ni kujua pa kuusoma, na hapa kwetu pa kuanzia ni mto.

Mwaka 1898 Kandt alifika kwenye chemchemi za Rukarara, msitu wa Nyungwe, akatangaza kwamba ndicho chanzo cha mbali cha Nile. Huko juu tone la mvua likiangukia upande mmoja wa mgongo wa mlima linakwenda Ziwa Kivu, kisha Tanganyika, Kongo na bahari ya Atlantiki; likiangukia upande wa pili linaingia Rukarara na kuanza safari ya kwenda Misri. Maji ya Rukarara yanaishia Nyabarongo, ule mto wa kahawia unaoupita darajani ukitoka Kigali kwenda Muhanga. Uangalie kwenye ramani. Unaanzia kusini-magharibi, unakwenda kaskazini kwa bidii, na baada ya kukutana na Mukungwa unageuka na kurudi kusini-mashariki, unapita ubavuni mwa Kigali, unapokea Akanyaru, kisha unakuwa Akagera. Msafiri anayezunguka hivyo ungemuuliza kama amepotea.

Nchi hii iliinamishwa. Bonde la Ufa la magharibi lilipokuwa linafunguka, kingo zake ziliinuka pole pole, na mito kama Akagera na Katonga ya Uganda, iliyokuwa ikielekea magharibi, ikashindwa kupanda na kurudishwa mashariki. Maji yaliyorudi yalijikusanya kwenye bakuli kubwa lisilo na kina, nalo ndilo Ziwa Victoria, lenye umri wa miaka kama 400,000 tu. Alama za kuinama huko tunazo karibu. Muhazi, ziwa refu jembamba la mashariki mwa Kigali, ni bonde la mto lililojaa maji. Vinamasi vipana vya mafunjo vya Bugesera na Akagera ni maji yasiyo na haraka, kwa sababu mteremko umebaki mdogo.

Victoria lenyewe lilikauka miaka 15,000 hivi iliyopita, siku za mwisho za enzi ya barafu, likabaki nyasi na tope. Maji yaliporudi, furu, wale samaki wadogo wenye rangi nyingi, walizaana na kugawanyika kuwa spishi kama 500. Mwaka 2017 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba wingi huo ulitokana na koo mbili, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya Nile ya juu, zilizokutana na kuzaliana. Miaka elfu kumi na tano ni muda mfupi mno kwa kazi kubwa hivyo. Vitabu vya shule vinavyosema mageuko huhitaji mamilioni ya miaka vingefaa kuongeza ukurasa kuhusu furu.

Enzi ya barafu ilifika mpaka milimani kwetu, ingawa kwa namna yake. Katika kinamasi cha Kashiru, nchini Burundi, watafiti wakiongozwa na Mfaransa Raymonde Bonnefille walitoboa mboji na kuhesabu chavua, ule unga wa maua ambao hauozi ukiwa kwenye tope lisilo na hewa. Mwaka 1990 walichapisha kumbukumbu ya miaka 40,000: wakati wa baridi kali kabisa joto la hapa lilishuka kwa nyuzi kama 4, mvua ikapungua, na mimea ya vilele vya juu ikateremka. Msitu ulijikunja kwenye sehemu chache zenye unyevu, na Nyungwe inahesabiwa kati ya hizo. Ndiyo maana ina ndege, vyura na mimea isiyopatikana kwingine zaidi ya safu hii ya milima.

Gorila wa milimani ni wa hadithi hiyo hiyo. Wataalamu wa vinasaba wanakadiria kwamba alianza kutengana na ndugu yake wa mabonde ya Kongo mashariki miaka kama 10,000 iliyopita, na usomaji wa vinasaba vyake vyote uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba idadi yake imekuwa ikipungua, na ndugu wakizaana wenyewe kwa wenyewe, kwa maelfu ya miaka, kabla ya mtego wa kwanza wa jangili. Hilo halituondolei lawama. Hesabu ya 1981 ilipata wapatao 254 katika Virunga. Kufikia 2019, pamoja na wale wa Bwindi, Uganda, walihesabiwa 1,063. Watoto wao tunawapa majina hadharani karibu kila mwaka tangu 2005. Katika hifadhi ya Akagera nako simba waliotoweka baada ya 1994 walirudishwa mwaka 2015 kutoka Afrika Kusini, na faru weusi wakafuata 2017. Simba anayenguruma Akagera leo, kwa ukoo, ni mgeni.

Lakini shahidi ninayemwamini kuliko wote yuko Kivu, na huenda umekutana naye kwenye sahani.

Zamani maji ya eneo hilo yalitiririka kaskazini, kuelekea Ziwa Edward. Kisha volkano za Virunga zikajenga ukuta wa lava katikati ya bonde. Maji yakazuiwa, yakapanda mpaka yakapata upenyo upande wa pili, kule zilipo Bukavu na Rusizi, yakaanza kumwagikia Tanganyika. Ziwa likabaki juu, mita 1,460 toka usawa wa bahari, likiwa na kina cha mita 480 hivi. Jiolojia inaweza kueleza hayo kwa mawe peke yake, ila furu wa Kivu wanayathibitisha kwa namna isiyohitaji nyundo. Spishi zao ni takriban 15. Ukitazama maji yanakokwenda leo ungetegemea wawe ndugu wa samaki wa Tanganyika, ziwa lenye zaidi ya spishi 200 za jamii hiyo pana. Sivyo. Ndugu zao ni wale wa Edward na Victoria, upande ambao njia ya maji ilizibwa. Mto Rusizi una maporomoko ambayo samaki wa Tanganyika hawawezi kuyapanda, kwa hiyo ziwa lilipewa mlango mpya, lakini wenyeji wakabaki wale wa mlango wa zamani.

Wenyeji hao walikaa karibu na ufuko. Kivu ni ziwa la ajabu: chini ya mita 60 hivi maji hayana oksijeni, yamejaa chumvi za chemchemi za volkano, kaboni dioksidi na methani ipatayo kilomita za ujazo 60. Methani hiyo sasa inavutwa kwa mabomba karibu na Karongi kuendesha mtambo wa megawati 26. Samaki wote wanaishi kwenye tabaka jembamba la juu. Na katikati ya ziwa, kwenye maji ya wazi, hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea humo. Meza iliandaliwa, mlaji hayupo.

Kati ya 1958 na 1960, enzi ya Wabelgiji, samaki mdogo alichukuliwa Tanganyika na kumwagwa Kivu. Huyo ndiye isambaza, au sambaza kwa jirani zetu wa Goma. Ni jamii ya dagaa wa baharini: wazee wake walikuwa samaki wa bahari walioingia mito ya Afrika Magharibi mamilioni ya miaka iliyopita, kizazi baada ya kizazi wakazoea maji baridi, wakafika Tanganyika. Kipande cha mwisho cha safari, kile cha kupita maporomoko, walibebwa na binadamu. Leo mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu huingia ziwani jioni na taa, wavuvi wakiimba kwa zamu ya makasia, na kesho yake isambaza wanafika Kigali, wanakaangwa wakauke, wanaletwa mezani na Akabanga, mafuta yetu ya pilipili. Ni wachache kati ya wanaotafuna kichwa kile kidogo wanaojua kwamba kinatoka baharini.

Miaka hiyo hiyo ya hamsini na sitini sangara alipelekwa Victoria, na furu wengi wa huko wakaliwa mpaka kutoweka. Kivu watu hupenda kusema kwamba sisi tulibahatika. Kwa mfuko wa mvuvi, kweli. Ila mmoja wa wale vijidudu wakubwa waliokuwa wakielea ziwani, kiroboto maji, alitoweka baada ya isambaza kuenea. Hakuna aliyemwombolezea, kwa kuwa ni mdogo kuliko punje ya ulezi.

Na ziwa halijatulia. Mwaka 2006 samaki mwingine wa Tanganyika alionekana Kivu, mwembamba mwenye madoa ya buluu yanayong'aa. Huyu hakuletwa kwa mpango wa serikali yoyote. Amezaana upesi, anakula chakula kile kile cha isambaza, na wavuvi wa pande zote mbili za mpaka sasa wanatoa ziwani nyavu zenye wageni wawili.