Mkulima Aliyegeuzwa Tusi

Katika Kiingereza lipo tusi la zamani, boor, analotupiwa mtu asiye na adabu: anayekatiza maneno ya wenzake, anayekula kwa pupa, asiyejua kubisha hodi wala kuomba radhi. Vijana wetu hukutana nalo vitabuni na kulipita. Hata hivyo, kwa asili neno hilo halikuhusu tabia hata kidogo.

Boer, kwa Kiholanzi, ni mkulima. Neno likaingia Uingereza katika karne ya 16, na haikuchukua muda mrefu watu wa mijini na wa majumba makubwa wakaligeuza kuwa jina la mfidhuli. Wala halikuwa la kwanza. Villain, ambaye leo ni mtu mwovu wa hadithi na filamu, alikuwa mtumishi wa shambani. Jina lake limetoka katika Kilatini, villa, nyumba ya shamba. Mwenye ardhi na kalamu ndiye aliyeamua nani mwungwana. Mwenye jembe hakuulizwa.

La kustaajabisha ni kwamba mzizi huohuo umo ndani ya neighbour, yaani jirani, ambaye kwa Kiingereza cha kale alikuwa mkaaji wa karibu. Jirani na mfidhuli, kumbe ni ndugu wa ukoo mmoja!

Walowezi wa Kiholanzi kule Afrika Kusini walijiita Boer kwa fahari. Kwetu jina hilo likafika likiwa kaburu, nalo likawa tusi zito zaidi. Ila hili, tukiri, lilitokana na dhulma waliyoitenda, si na jembe.

Tusiharakishe kuwacheka Waingereza, kwani nasi tunaye mshamba. Juzi mwanangu alimwita hivyo mjomba wake aliyetoka kijijini, kwa kuwa alisita mbele ya lifti. Nilimwita kando, nikamtaka anisomee aya ya 11 ya Suratul Hujurat, inayokataza watu kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya. Aliisoma kwa ghibu, bila kukosea hata herufi, kama alivyofundishwa madrasa. Nilipomuuliza maana yake, akainamisha kichwa.

Mjomba mtu hakusema neno. Mchele tuliokula mchana ule aliuleta yeye, kutoka shambani kwake.